Kwa nini watoto huuliza habari za Mungu wakiwa matembezini kuliko darasani? (Na likizo hii: chemchemi ya Chemka, Marangu au hifadhi ya Arusha?)

#1 MamaWaNjoro
Habari zenu, wana Moshi na Arusha.

Nina hoja na ombi. Hoja ni hii: mtoto anayekaa kimya kipindi kizima cha shule ya Jumapili, mpakie kwenye Kosta, mtoe nje ya mji, na kabla hamjafika Boma Ng'ombe ameshauliza maswali matatu ambayo mchungaji mwenyewe angeomba muda. Yesu alijua kuogelea? Twiga alilalaje ndani ya safina? Kama Mungu yuko juu ya Kibo, kileleni Kilimanjaro, hasikii baridi? Unacheka mpaka mbavu zinauma, halafu unamtazama usoni unaona hatanii hata kidogo. Anangoja jibu. Hii inatokana na nini?

Ombi: watoto 28, miaka 5 hadi 12, watu wazima 5, Kosta moja, tunatoka Njoro, siku mojawapo kati ya Krismasi na mwaka mpya. Wengine ni watoto wa majirani zetu Waislamu. Tuwapeleke wapi? Mnaojua semeni kwa undani, hasa chakula na usalama wa maji.

#2 FundiKosta
Mama, kabla ya dini tufanye hesabu. 28 na 5 ni 33, na dereva 34. Soma idadi ya abiria iliyoandikwa ubavuni mwa gari. Kosta nyingi ni kati ya 25 na 30, na hapo wamehesabu vile viti vya kukunja vya katikati, ambavyo vikishakaliwa vinaziba njia ya kutokea. Mtoto naye ni abiria. Ukipakata, breki moja ya ghafla mtoto anakwenda mbele kabla aliyempakata hajashika kitu. Punguza watoto au ongeza Noah.

La pili, kama hiyo Kosta ni daladala ya njia, mwenye gari aombe kibali LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, cha kwenda nje ya njia yake. Msiambiwe "tutaongea huko huko". Gari likizuiwa barabarani na watoto 28 ndani, siku imekwisha.

La tatu, kagua mwenyewe: tairi ya akiba ina upepo, jeki ipo, spana ya magurudumu inaingia kwenye nati za gari hilo, kizima moto hakijapita muda, mlango unafunguka kwa ndani. Hili la mlango wengi hulisahau.

#3 Mwalimu_Pasua
Jibu la hoja ya mama: ni mkao. Darasani mtoto na mwalimu wanatazamana, na macho ya mtu mzima yanamwambia mtoto kwamba kuna jibu moja sahihi. Ndani ya gari wote mnatazama upande mmoja, dirishani. Hakuna anayemchungulia usoni, kwa hiyo linatoka lililokuwa moyoni. Anayetaka kupima afanye kipindi cha Jumapili huku watoto wanamenya njugu au wanapanga viti. Maswali yataongezeka siku hiyo hiyo.

Swali la kuogelea lina jibu zuri. Injili hazisemi kama Yesu aliogelea. Zinasema Petro alijitupa baharini kumfuata ufukweni (Yohana 21:7), na huyo alikuwa mvuvi. Mwambie mtoto kwamba Petro aliyezama alipotembea juu ya maji ndiye yule yule aliyejitupa majini baadaye bila woga. Watoto wa miaka 8 hulipenda sana hilo.

#4 KijanaWaNgarenaro
Njooni Chuga, yaani Arusha, acheni maji. Hifadhi ya Taifa ya Arusha iko karibu kabisa: mkitoka Moshi mnapita njia ya KIA, Kikatiti, Maji ya Chai, mnakata kulia Usa River, mnafika lango la Ngongongare. Ni hifadhi ya zamani, ilianza 1960 ikiitwa Kasoko ya Ngurdoto. Watoto wataona twiga, nyati, simba na maziwa ya Momella. Walio chini ya miaka 5 hawalipi kiingilio.

#5 Kibo_Asubuhi
Mkuu #4, simba mtoe kwenye orodha. Hifadhi ya Arusha si mahali pa kumwahidi mtoto simba, atalia njia nzima ya kurudi. Ahidi twiga, pundamilia, nyati, ngiri, na mbega weusi kwa weupe wenye mkia kama ufagio. Heroe, yaani flamingo, wapo Momella ila huhama, kwa hiyo waambie "tukiwakuta". Na malipo ni kwa namba ya malipo, si noti mkononi. Ombeni mapema, maana mtandao ukisumbua langoni watoto wanaanza kulia njaa hapo hapo.

Humo ndani hakuna kushuka ovyo. Mnashuka sehemu za mapumziko tu, na nyati huwa karibu kuliko watu wanavyofikiri. Choo kimalizwe langoni, wote, hata asemaye hana haja.

#6 Nesi_Mstaafu
Nazungumzia Chemka, maana ndiko wengi mtakakoishia.

Maji yale ni vuguvugu, safi, unaona mpaka chini, na hapo ndipo hatari ilipo. Maji meupe yanaonekana mafupi. Mbele ya mizizi ya mikuyu kina kinashuka ghafla, mtoto wa miaka 7 hafiki chini. Ile kamba ya kurukia waachieni wanaoogelea tu.

Kanuni zenyewe: walio chini ya miaka 6, mtu mzima mmoja kwa watoto wawili, naye awe majini, si ukingoni na simu. Wakubwa wapangwe wawili wawili, kila mmoja anajua mwenzake. Kila dakika 10 filimbi inalia, kila mmoja anashika mkono wa mwenzake na kuuinua, mnahesabu kwa sauti. Nusu ya watoto majini, nusu nje wakila, halafu wanabadilishana. Mama ana watu wazima 5 kwa watoto 28, hao hawatoshi kuingiza wote kwa pamoja.

Mtoto anayezama hapigi kelele. Kinywa kiko usawa wa maji, anatapatapa kidogo, anakwenda. Kwa hiyo awepo mtu mmoja ambaye kazi yake ni kutazama tu. Wekeni ukingoni dumu tupu la lita 20, mfuniko umekazwa, limefungwa kamba ya mita 10 mpiniani. Hilo linarushwa, linaelea, linamvuta mtoto bila mwokoaji kuingia. Akitolewa hapumui, msimning'inize kichwa chini wala kumkamua tumbo. Mlaze chali, inua kidevu, mpulizieni pumzi tano kwanza, halafu mgandamizo wa kifua, huku mwingine anawasha gari.

#7 MamaWaNjoro
Asante sana, Nesi. Dumu na kamba nimeandika. Noah pia. Chakula je?

#8 MpishiMajengo
Pilau, mama, lakini pilau inayosafiri si sawa na ya sebuleni.

Kwa watu 33 walio wengi watoto: mchele kilo 4, nyama ya steki kilo 3 iliyokatwa vipande vidogo bila mifupa, viazi mviringo kilo 2, vitunguu maji kilo 1, vitunguu saumu vichwa 3, tangawizi, mafuta robo tatu ya lita. Bizari nyembamba iongoze, pilipili manga kidogo, karafuu chache zitolewe kabla ya kupakia maana mtoto akiuma karafuu hali tena. Anza saa kumi alfajiri, iive saa kumi na mbili kasoro. Mimina maji ya moto yanayochemka ndani ya hotipoti, funika dakika 10, mwaga, kausha, kisha pakia pilau ikiwa ya moto kabisa na usifungue njiani "kuangalia". Kila ukifungua unatoa joto. Iliwe kabla ya saa sita na nusu.

Mchele uliopikwa ukikaa vuguvugu muda mrefu una vijidudu ambavyo mbegu zake hazikufa kwenye moto. Vinaamka na kutoa sumu, na kupasha tena hakuiondoi sumu hiyo. Ndiyo maana mabaki ya pilau ya mchana hayarudi nyumbani kuliwa jioni. Mwaga.

Kachumbari: kata nyumbani, chumvi na ndimu weka wakati wa kupakua, la sivyo inafika supu. Chapati ziache zipoe kwanza ndipo uzifunge kitambaani. Zikifungwa za moto mvuke unarudi chini na zinashikana. Tikiti maji litakatwe huko huko. Maji ya kunywa lita 1 kwa kila mtoto, na madumu mawili ya lita 20 kwa mikono na sahani. Ndani ya gari linalokwenda hakuna karanga, hakuna pipi ya kijiti.

#9 BiSakina
Assalaam alaykum wote. Mama Njoro, Mungu akulipe kwa kuwakumbuka watoto wa jirani. Yafuatayo yatakuepusha na mashaka. Nyama inunuliwe kwenye bucha ambalo Muislamu anachinja, na kama ni kuku, achinje Muislamu wa hapo mtaani mbele ya mama zao. Vyombo viwe vya nyumba isiyopikia kitimoto. Waambie wazazi mapema, kwa maneno ya wazi, ili mama asimfungie mwanawe chakula chake pembeni akaonekana mgeni. Mchana muachieni kila anayeswali dakika 15, adhuhuri inatosha kabla ya kurudi.

Na kwenye hoja: mimi naona maswali yanatokana na kuchanganyika. Gari likiondoka, mmoja anasoma dua ya safari, mwingine anafanya ishara ya msalaba, wa tatu anawatazama wote wawili. Hapo hapo anauliza, "Kwani ni Mungu mmoja anayesikiliza zote?" Darasani wote wamefundishwa kitu kimoja, hakuna cha kushangaza. Mkao wa Mwalimu sikubaliani nao. Watoto wa madrasa hukaa upande mmoja wote wakitazama mbele, na hawaulizi.

#10 Mwalimu_Pasua
Bi Sakina, wa madrasa wanamtazama ustadhi, si dirisha. Ila la kuchanganyika lina nguvu, nakupa nusu.

#11 MzeeWaKirua
Wanangu, mmesahau mlima. Mtoto anaishi Moshi mjini, nyumba na miti vimemzuia, Kibo anakiona kipande. Akitoka kwenye uwazi kule njia ya Himo asubuhi na mapema, kabla mawingu hayajafunga, anauona wote, kuanzia Shira hadi Mawenzi. Nani asiulize? Wazee wetu walikuwa wakielekea Kibo wakimwomba Ruwa, na jua nalo waliliita hivyo hivyo. Mtoto anarudi palepale bila kufundishwa.

Nendeni Marangu. Himo mnakunja kushoto, mnapanda mpaka Marangu Mtoni, maporomoko ya Kinukamori ni mwendo mfupi kwa miguu. Ndizi, kahawa, mifereji, hewa safi. Sweta kila mtoto, na viatu vya kushika, zile ngazi zikinyeshewa zinateleza. Mvua za vuli huku juu huendelea Desemba hata mjini kukiwa kukavu.

#12 ShangaziRombo
Shikamoo mzee. Kinukamori pazuri, ila mama ajue: pale pana sanamu za binti na chui, na mwongozaji husimulia habari za Makinuka, binti aliyepata mimba kabla ya ndoa akaenda kujitupa, akaghairi, akageuka akakutana na chui. Watoto wa miaka 5 wataota ndoto mbaya, wa miaka 11 watauliza maswali ambayo hukujiandaa. Ongea na mwongozaji kabla watoto hawajasogea, mwambie aeleze maji na miti tu. Hawakatai.

#13 MzeeWaKirua
Marahaba. Hapo umesema kweli. Ingawa wa miaka 11 na 12 si vibaya wakaisikia, mradi mama zao wawepo.

#14 FundiKosta
Nirudi kwenye hoja. Mnazungumza kama maswali yanakuja muda wote. Hayaji. Asubuhi kwenda ni nyimbo na "tumefika?" Maswali huja wakati wa kurudi, baada ya kushiba, mwendo wa taratibu, gari limetulia, wadogo wamelala na wakubwa wanatazama nje. Dereva anayasikia kuliko mtu yeyote maana wanaosumbuliwa na gari hukaa karibu naye. Ni kuchoka, si mlima. Mtoto aliyechoka na kushiba hana haraka.

Ndiyo maana nashauri kurudi ianze saa tisa, si saa kumi na moja. Ukichelewa unakutana na magari ya Krismasi yanayotoka Dar, mwanga mkali wa jua usoni ukielekea magharibi, na watoto waliopitiliza uchovu. Huyo haulizi, analia.

#15 KijanaWaNgarenaro
Hayo magari ya Dar tuyazungumze basi. Tarehe 23 na 24 barabara ya Himo ni kama nchi nzima imeitwa nyumbani kula nyama. Mangi, yaani Mchaga, akose mshahara, asikose Krismasi ya kijijini.

#16 ShangaziRombo
Na nyie Chuga mnabaki kulinda mnara wa saa. Tuendelee na watoto.

#17 Kibo_Asubuhi
Jambo moja dogo lenye uzito kwa watakaokwenda hifadhi ya Arusha: nyani na tumbili kwenye sehemu za chakula. Wanajua kabisa binadamu akiinamisha kichwa na kufumba macho anafanya nini. Chapati inaondoka kati ya "Ee Baba" na "Amina". Sala ya chakula isizidi nusu dakika, vyakula vifunikwe mpaka itakapokwisha, na mtu mzima mmoja asali macho wazi akiwa amesimama upande wa miti. Msiwarushie kitu, msiwaonyeshe meno watoto wakidhani wanacheka nao. Kwa nyani meno ni vita. Akishachukua, mwacheni. Usimnyang'anye.

#18 Mwalimu_Pasua
Kusali macho wazi kuna andiko. "Kesheni, mwombe." Na Nehemia na watu wake waliomba wakaweka na walinzi, siku hiyo hiyo, ukuta uleule (Nehemia 4:9). Wapeni watoto zamu ya Nehemia, mmoja kila mlo. Watagombea hiyo zamu, na andiko halitawatoka.

Jiandaeni na swali litakalofuata: nyani akila chapati iliyoombewa, amebarikiwa?

#19 BiSakina
Nimecheka mpaka nimeamsha watu. Mwambie mtoto riziki ya nyani nayo inatoka kwa Mungu yule yule, ila si kupitia chapati yako.

#20 Nesi_Mstaafu
Kutapika. Njia ya Marangu ina kona, na Kosta huyumba nyuma. Wanaotapika wakae mbele, kati ya mhimili wa mbele na wa nyuma, macho mbali barabarani, simu na vitabu hapana. Chai ya maziwa asubuhi hapana. Biskuti kavu au mkate mkavu saa moja kabla, kipande cha tangawizi cha kutafuna kwa wakubwa. Tumbo tupu nalo linatapisha kama tumbo lililojaa.

Chombo: mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu 1 Juni 2019, na ya karatasi inavuja. Tumieni ndoo ndogo za rangi za lita 4 zenye mfuniko wa kubana, mbili zinatosha, chini mmeweka maranda ya mbao au mchanga kiasi cha vidole viwili. Maranda yananyonya na kuua harufu, na harufu ndiyo inayoambukiza gari zima. Mmoja akianza dirisha la upande wake lifunguliwe kwanza, ndipo ndoo.

#21 MamaWaNjoro
Maranda sikuwahi kuyafikiria, Nesi, ubarikiwe. Nguo za maji ziwekwe wapi?

#22 FundiKosta
Kwenye kiroba cha salfeti, nyuma ya gari. Na kila mtoto aliyeloa akalie kitenge. Kiti cha Kosta kikiloa kinanuka wiki nzima na mwenye gari atakuongezea bei mwakani.

Kwa watakaochagua Chemka: Boma Ng'ombe mnakata kushoto, baada ya lami ni vumbi kavu, na ikinyesha ni udongo unaoteleza ambao Kosta haipendi. Ile ngazi ya mlangoni iko chini, inagonga. Watoto washuke penye shimo kubwa, gari lipite tupu. Fikeni kabla ya saa tatu. Tarehe 26 msijaribu, kuanzia saa tano pale ni kichwa juu ya kichwa, na kumhesabu mtoto kwenye umati wa watu walioloa ni kazi ngumu.

#23 MlutheriWaMachame
Salaam. Nashangaa hakuna aliyetaja Mikaeli na Watoto. Sisi KKKT, kanisa la Kilutheri, tuna siku nzima ya watoto mwisho wa Septemba, karibu na tarehe 29, nyimbo, ngonjera, mistari ya moyo, na sharika nyingi hufuatisha matembezi. Tulirithi kwa wamisionari wa Leipzig waliofika Machame 1893. Kwa hiyo kuuliza habari za Mungu matembezini ni mazoea tuliyolelewa nayo. Mtoto anajua tangu mdogo kwamba safari na kanisa ni kitu kimoja.

#24 Mwalimu_Pasua
Sikukuu ya Mikaeli ni ya zamani kuliko Leipzig, mkuu. Ilikuwepo makanisani Ulaya karne nyingi, Luther akaibakiza. Watoto wameingia kupitia somo la siku, Mathayo 18, kwamba malaika wao mbinguni wanautazama uso wa Baba siku zote. Na hoja ya mazoea haielezi kwa nini watoto wa Kikatoliki wa Utoto Mtakatifu nao wanauliza yale yale, wala wale wa Bi Sakina.

#25 MlutheriWaMachame
Nimekubali la tarehe. La mazoea nabaki nalo.

#26 ShangaziRombo
La Mungu kukaa Kibo linatokana na Zaburi 121, tena imesomwa nusu. Wanafundishwa "Nitayainua macho yangu niitazame milima" wanaishia hapo, mlima uko dirishani, hesabu imekamilika. Mstari wa kwanza unaishia na swali: msaada wangu utatoka wapi? Jibu liko wa pili, kwa Bwana aliyezifanya mbingu na nchi. Fundisheni yote miwili pamoja, muwagawe upande wa kulia wa gari uulize na wa kushoto ujibu. Kona nzima za Marangu zinaisha hivyo bila mtu kutapika.

Swali jingine la njia hiyo: "Mwenge wa Uhuru bado unawaka kule juu?" Waambieni ulipandishwa kileleni usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961 na Alexander Nyirenda, mita 5,895. Usiku mmoja tu wa kule juu ni baridi ya kugandisha maji chupani.

#27 KijanaWaNgarenaro
Kama 9 Desemba ni sikukuu, kwa nini mama asiwapeleke siku hiyo badala ya kugombania Chemka baada ya Krismasi? Na kuna Duluti pale Tengeru ambayo hamjaitaja. Ziwa la kasoko, msitu wa TFS (wakala wa misitu), njia ya kuzunguka kwa miguu yenye kivuli, ndege na kenge. Kuogelea hapana, kingo zinakwenda chini wima. Wakubwa wa miaka 10 na kuendelea mnaweza kuwaonyesha na makaburi ya Wapolandi hapo hapo Tengeru. Wakimbizi kama 5,000 walifika kuanzia 1942 wakati wa vita, wengi wao kina mama na watoto. Mtoto akisoma kaburi la mtoto mwenzake aliyekuja kutoka mbali hivyo, maswali anayouliza si ya kuchekesha, lakini ni ya imani hasa.

#28 BiSakina
Makaburini sikukuu ya watoto, mwanangu?

#29 KijanaWaNgarenaro
Dakika 10, Bi, wakubwa tu, halafu ziwani. Watoto hawaogopi makaburi mpaka sisi tuwafundishe kuogopa.

#30 Nesi_Mstaafu
Mnatafuta sababu kubwa kubwa. Sababu ni simu. Siku ya matembezi mzazi ameiweka mfukoni, hasa Chemka na hifadhini ambako mtandao unasuasua. Mtoto anauliza kila siku nyumbani, anajibiwa "mhm". Siku hiyo moja anasikilizwa, kwa hiyo anaendelea. Maswali hayajaongezeka, masikio ndiyo yameongezeka.

#31 FundiKosta
Zamani kabla ya simu walikuwa hawaulizi?

#32 Nesi_Mstaafu
Zamani kulikuwa na redio ya gari, na wewe dereva unajua sauti mnayoiweka.

#33 MzeeWaKirua
Mama, usisumbuliwe na sababu. Waulize watoto wenyewe mkiwa njiani.

#34 MamaWaNjoro
Asanteni wote. Nimepanga hivi: siku ni tarehe 28, si 26. Kosta na Noah. Marangu kwa wote, Kinukamori bila simulizi kwa wadogo. Chemka tumeiacha mpaka tupate watu wazima 10 wanaoogelea. Pilau ya Mpishi, kuku wamechinjwa na baba wa jirani badala ya ng'ombe, zamu ya Nehemia ipo ingawa Marangu nyani si wengi. Kila mtoto atafungwa utepe wa kitenge cha njano mkononi na karatasi mfukoni yenye namba ya simu bila jina, maana mgeni akijua jina la mtoto anamwita na anakwenda.

#35 MpishiMajengo
Kuku watoe mifupa midogo ya shingo na mbawa kwa walio chini ya miaka 7. Na ukibadilisha ng'ombe kwa kuku punguza muda wa nyama kwenye mchuzi, dakika 20 zinatosha, ukizidisha inachambuka na kupotea kwenye wali.

#36 Mwalimu_Pasua
Kwenye kurudi usijibu kila swali wewe. Rudisha kwa wenzake: "Nani anadhani anajua twiga alilalaje?" Mtapata majibu manne kabla ya Himo, na la kwanza huwa kwamba kichwa kilitoka dirishani.

#37 FundiKosta
Mwalimu, hapo watakuwa wamechangamka mpaka Kiboriloni na dereva hasikii honi. Subiri wafike lami iliyonyooka.

#38 Nesi_Mstaafu
Orodha ya majina iwe nakala mbili, moja Kosta na moja Noah, na mtoto asibadilishe gari wakati wa kurudi hata kama rafiki yake yuko kule. Mwenye pumu dawa yake ya kuvuta ikae kwa mtu mzima aliye gari moja naye. Pakiti 4 za ORS, kila moja kwa lita 1 ya maji safi, na mkasi.